Nyaya za Breki kwenye Gitaa la Kanti

Wiki mbili zilizopita tulimzika fundi Gathogo kule Endarasha, na mimi nikapewa dakika tatu niseme machache kama rafiki wa zamani. Nilisema alikuwa mtu wa haki. Nilisema hakuwahi kuuza mlango uliopinda. Watu wakapiga makofi, mjukuu wangu akanishika mkono nikarudi kuketi chini ya hema, nikijua kabisa kwamba dakika zote tatu nilizitumia kukwepa jambo moja. Kijitabu cha mazishi kilikuwa na kurasa nane na picha za rangi: Gathogo na viti vya kanisa alivyovitengeneza, Gathogo na ng'ombe wake wa maziwa, Gathogo kwenye mlango wa karakana akiwa na penseli sikioni. Penseli ile niliitazama sana. Katika kurasa zote nane neno gitaa halikuwemo, na mtu wa pekee aliyebaki duniani anayejua kwa nini halimo nilikuwa mimi, nimeketi pale nikinywa soda kwa mrija kama mgeni wa kawaida.

Kwa hiyo nitauandika mwaka ule. Habari za wazazi wangu na za nilikozaliwa hazimo humu. Anayezitaka awaulize wajukuu, ambao wamezisikia hadi wamechoka. Huu ni mwaka mmoja tu, miaka michache baada ya uhuru, nilipokuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi kule Ruring'u, sijatimiza miaka ishirini na miwili, na nikipenda gitaa kuliko nilivyopenda chakula. Sasa nasema hivyo bila aibu. Wakati ule nilificha. Msichana mwenye kupiga gitaa katika Nyeri ya siku zile alihesabiwa kuwa mguu wake mmoja uko ndani ya baa na wa pili uko njiani. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Eunice, mjane aliyeokoka, mwenye nyumba ya mbao iliyobandikwa magazeti ya zamani ndani ili kuzuia upepo wa mlimani. Kati ya chumba changu na sebule yake palikuwa na ubao mmoja tu na gazeti. Mtu akipiga chafya sebuleni, mimi kitandani nilimwambia pole. Kila Jumatano alasiri ndugu waliookoka walikutana pale kwa maombi na chai, na mwalimu mkuu wa shule yangu alikuwa mmoja wao. Jumatano moja, nikisahihisha madaftari, nilimsikia akiuliza habari zangu.

"Mama Eunice, huyu mwalimu wako ati anaonekana kwa duka ya ule Muhindi kila Jumamosi. Anaendea nini?"

"Anasema ni chaki."

"Chaki? Mimi ndiye ninapeana chaki kwa shule." Kikombe kikawekwa kwenye kisahani. "Tumpatie muda. Lakini siku nitapata kitu, mimi sitaandika barua mbili."

Nilikuwa katika mwaka wa majaribio, na barua moja ilitosha kunirudisha nyumbani. Niliketi na kalamu nyekundu mkononi hadi waliposimama kuimba, na nilipotazama daftari nikaona nimempa mtoto mmoja kosa mahali alipopata.

Lakini Jumamosi ilipofika nilienda tena. Duka la Kanti lilikuwa mjini, duka la misumari, bawaba, mabati na mafuta ya taa, na saa nane mchana alipofunga mlango wa mbele sisi tuliingia kwa wa nyuma. Tulikuwa watatu. Kanti mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mpole, asiyejua kumkatalia mteja. Gathogo, seremala, mwenye karakana yake karibu na shule yangu, mkubwa kwangu kwa miaka sita au saba, mtu wa maneno machache yaliyopimwa kwa futi. Na mimi, niliyeingia dukani siku moja kununua kamba ya kuanikia nguo, nikasikia nyuma ya pazia watu wawili wakibishana kama mti wa muthengera unaweza kutoa sauti tamu kuliko mwerezi, nikashindwa kuondoka. Chumba kile cha nyuma nakikumbuka kuliko chumba changu cha harusi. Kulikuwa na magunia ya misumari tuliyoyakalia, dirisha moja la nondo lililoonyesha Mlima Kenya siku mawingu yakikubali, na harufu ya mafuta ya taa iliyopigana na harufu ya bizari kutoka jikoni. Mama yake Kanti, ambaye sote tulimwita Ba kama mwanawe alivyomwita, alituletea viazi vya manjano na zile chapati zao nyembamba ambazo Gathogo alikuwa akila nne kwa mpigo kisha akiuliza kama chakula kinakuja. Ba hakujua Kiswahili kingi. Alijua "kula" na "bado", na kwa hayo mawili alitutawala.

Watu wasiopenda magitaa hawawezi kuelewa jinsi tulivyopoteza saa. Kabla hatujapiga hata noti moja, gitaa lilizunguka kila mtu akalinusa. Ndiyo, kulinusa: unaweka pua kwenye tundu, unavuta pumzi, unasema unachokisikia. Gathogo ndiye aliyeanzisha, kwa kuwa yeye alinunua mbao kwa pua. Gitaa la Gathogo, alilolitengeneza kwa mbao za sanduku la majani ya chai, bado lilinuka chai. Langu, nililolinunua kuukuu, lilinuka panya, na shingo yake ilikuwa imepinda kama mzee anayetafuta sarafu. La Kanti lilinuka msitu. Lilikuwa la Kihispania, la kaka yake mkubwa aliyelileta kutoka ng'ambo alikosomea, akarudi nalo, akaugua, akafa kabla ya mwaka kwisha. Kanti hakulifungia kabatini. Alisema gitaa likikaa na mtu mmoja linalala, kwa hiyo kila Jumamosi mmoja wetu aliondoka nalo akakaa nalo juma zima, kwa zamu. Sharti lilikuwa moja, na alilisema kila mara akilikabidhi kama mtu anayembatiza mtoto: "Hii iko ya nyuzi ya nailoni. Waya hapana. Fundi, vewe najua. Mwalimu, vewe sikia. Waya hapana."

Nilisikia, lakini sikuamini. Sisi wote wa huku juu tulipiga kwa waya. Unanunua waya wa breki ya baiskeli, unaufumua, unapata nyuzi nyembamba za chuma. Zile za besi unazisokota mbili au tatu pamoja. Gathogo alizisokota vizuri kuliko mtu yeyote, na alikuwa amenipa seti nzima kwa ajili ya lile gitaa langu la panya. Waya unalia. Waya unasikika hadi ng'ambo ya bonde. Nailoni ilikuwa tamu chumbani mwa Kanti, lakini kwenye ukumbi wenye watu wanaokohoa ingekufa safu ya pili. Nikafikiri sharti lile ni woga wa mwenye duka tu, anayefunika kila kitu kwa karatasi ili kisichunike.

Kulikuwa na jambo jingine lililofanya gitaa lile kuwa kubwa kuliko gitaa. Kanti alikuwa akingoja barua ya leseni. Sheria zilikuwa zimebadilika kwa wenye maduka wasio na uraia, na yeye alikuwa ameomba, akajaza karatasi, akaomba tena. Barua ikija vibaya, yeye na Ba wangeenda kwa dada yake Uingereza. Hakupenda kulizungumza, lakini Jumamosi moja mwezi wa sita, Gathogo alipokuwa akilipima gitaa kwa uzi na kuandika kwenye kipande cha ubao, Kanti alisema ghafla, "Fundi, mimi nikienda, hii nabaki na vewe. Mwaka moja, miaka mbili. Huko itakaa kwa kabati. Hapa vacha izae kwanza." Gathogo aliweka penseli sikioni, akaiondoa, akaiweka tena. Alikuwa akitengeneza gitaa lake la kwanza la kweli, la muthengera, kwa kufuata lile: ubavu ulishapindwa kwa mvuke, tumbo, ule ubao wa mbele, lilishapigwa randa hadi likawa jembamba kama kifuniko cha kitabu. Kilichobaki ni mbavu za ndani, vile vijiti vinavyobandikwa chini ya tumbo na kuamua sauti. Hizo huwezi kuzipima kwa nje. Juma la zamu lilikuwa la kupiga tu, si la kupekua ndani; alihitaji kuachiwa gitaa lile siku nyingi, aingize kioo na mkono, ajaribu, akosee, ajaribu tena. Akifanikiwa moja, angetengeneza kumi. Alikuwa ameshaniambia, kwa Kikuyu chetu tukiwa wawili njiani, kwamba amechoka kutengeneza milango ambayo watu wanaifunga wakiwa na hasira.

Mwezi wa saba, baridi yenyewe ikiwa imeshuka, likabandikwa tangazo kwamba watu wa redio watakuja kurekodi wapigaji katika ukumbi wa mjini, Jumamosi mbili kutoka siku ile ya tangazo. Kanti na Gathogo walikubaliana kwamba nipige mimi, wao wanisindikize. Nilikataa mara moja na kukubali mara mbili, nikijifanya sijui kwamba redio husikika hata Ruring'u. Zamu ya gitaa la Kanti ilikuwa yangu juma la kwanza kati ya hayo mawili. Jumanne baada ya shule, Mama Eunice akiwa sokoni, nilizitoa nyuzi za nailoni, nikazikunja vizuri ndani ya soksi, nikafunga nyaya za Gathogo. Ee, sauti! Nilipiga wimbo mmoja mzima nikiwa nimesimama, moyo ukinidunda, na nilijisikia jinsi redio itakavyonisikia. Kisha nikalifunika kwa blanketi, nikalisukuma chini ya kitanda bila kulegeza hata waya mmoja, na kwa sababu ya baridi nikaleta jiko la makaa chumbani. Kila mpiga gitaa wa leo anayesoma hapa ameshashika kichwa: waya huvuta mbao kwa nguvu kuliko nailoni, na joto hulegeza gundi. Nami nimekishika tangu siku ile.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi alasiri. Ndugu walikuwa sebuleni, mwalimu mkuu akisoma neno kwa sauti. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na madaftari. Nikasikia chini yangu mlio mmoja mfupi, ka!, kama tawi kavu likivunjwa gotini, na baada yake mngurumo wa nyaya zote sita kwa pamoja. Kusoma kukakoma.

"Nini hiyo?" Mama Eunice akauliza kupitia ukutani.

"Ni kitanda, mama."

"Kitanda kinaimba?"

"Ni spring, mama. Imekatika."

Nilisikia mtu akisimama. Nilisikia viatu vya mwalimu mkuu, viatu vya ngozi vilivyolia kila hatua, vikija hadi mlangoni pangu na kusimama. Kulikuwa na komeo dogo la ndani ambalo sikuwa nimelifunga. Nikakiona kivuli chake chini ya mlango. Sijui alisimama muda gani; mimi niliuona muda wa kutosha kupanga mizigo yangu yote na kurudi kwetu kwa miguu. Kisha akasema, "Mwalimu, umwite fundi akuangalilie hiyo kitanda," viatu vikarudi, na wakaendelea na neno. Nilipothubutu kuinama na kufunua blanketi, niliona daraja, ule ubao mdogo unaoshika nyuzi juu ya tumbo, umeng'oka upande mmoja na kuinuka na ngozi ya mbao, kama ukucha uliotoka na nyama.

Asubuhi nililiweka ndani ya gunia, nikachomeka mabua ya mahindi juu yake yakatokeza kama chakula cha ng'ombe, nikapita nalo mbele ya Mama Eunice nikimsalimia kwa jina la Bwana. Gathogo alikuwa akinoa patasi. Alilitoa gitaa, akalitazama, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulinusa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Ni waya yangu hii," alisema.

"Fundi, itengeneze. Jumamosi inarudi."

"Leo ni Alhamisi. Na baridi hii? Gundi haijui haraka ya mwalimu."

"Tafadhali."

Akaweka kopo la gundi ya ngozi ndani ya sufuria ya maji moto, akaikoroga hadi ikalainika, akafanya kazi pale pale mimi nikiwa nimechelewa gwaride la shule. Alisafisha pengo kwa ncha ya kisu, nyuzi moja moja za mbao akazirudisha mahali pake, akapaka gundi, akabana kwa klampu mbili na vipande vya ngozi ili zisiache alama. Nilipoona gitaa la Kihispania limelala kwenye benchi lake, tundu likiwa wazi, na kioo chake kidogo kikining'inia kwenye msumari, nilimwambia kwa furaha ya kijinga, "Basi angalau utazipima mbavu. Una siku mbili."

"Siwezi kuipima ikiwa imekuja kwa gunia," alisema. "Nitaipima siku mwenyewe ataniletea."

Kisha akanionyesha juu ya shingo, kwenye kile kijipande cha mfupa ambacho nyuzi zinapitia. Nyaya zilikuwa zimeuma mfupa ule, vijichanjo sita vyembamba. "Daraja litarudi mahali yake, hakuna mtu ataona. Hizi ningeweza kubadilisha mfupa. Sibadilishi. Hizi nimekuachia zikusaidie kusema. Wewe mwenyewe, Jumamosi, kabla hajashika. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nilimaanisha. Ijumaa yote nilijifunza maneno yangu kama shairi la watoto: Bwana Kanti, nilikosa, niliweka waya, nisamehe. Lakini Ijumaa jioni Mama Eunice aliniita mezani, akanipakulia githeri, akaniambia kwa upole uliotisha kwamba mwalimu mkuu anataka kujua jina la spring inayolia noti sita. "Mimi ni mama yako hapa, mwanangu," alisema. "Kama kuna kitu, nitolee mimi kabla hajakitoa yeye." Nikatafuna mahindi hadi yakawa maji. Nilianza kufikiri kwamba Kanti akikasirika atapaza sauti, duka liko barabarani, habari itatembea, itafika Ruring'u kabla yangu. Woga una akili nyingi. Hadi asubuhi ulikuwa umenipa sababu kumi.

Jumamosi tulikuta Ba ameshaandaa. Gathogo alikuwa amenitangulia, akaningoja nje. Aliniletea gitaa mwenyewe chini ya koti lake, likiwa na nyuzi zake za nailoni, na mlango wa nyuma ulipofunguliwa alinipa mkononi ili niingie nalo mimi. Nilipaswa kusema pale pale kwenye kizingiti. Kanti akasema karibu, karibu, akaninyoshea mikono, na mikono yangu ikampa gitaa kabla mdomo wangu haujafanya kazi yake. Akalinusa. Akalinusa tena.

"Gundi," alisema.

Akapitisha kiganja juu ya tumbo, polepole, kama alivyofanya kila mara. Akalipeleka dirishani. Akaangalia daraja, akaangalia shingo, na kidole chake kikasimama kwenye mfupa. Nilivihesabu pamoja naye vile vijichanjo sita. Ba aliingia na sinia ya chai, akaona sura ya mwanawe, akasimama palepale na sinia yake.

"Nani naweka waya?"

Gathogo alinitazama. Hakunitazama vibaya. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliye karibu kuvuka mto, unamwachia nafasi avuke mwenyewe. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikasikia viatu vya ngozi vikilia katika kichwa changu, nikatazama vya kwangu.

"Ni mimi," Gathogo alisema.

Kanti akageuka. Alikuwa mtu mpole, kama nilivyosema, na sikuwahi kuuona uso wake ule, kabla wala baada. "Vewe? Vewe fundi?" Sauti haikupanda hata kidogo. "Mwalimu angefanya, mimi nasema ni mtoto, hapana jua, nasamehe leo leo, nakunywa chai. Lakini vewe najua. Vewe nasoma hii gitaa kama kitabu. Vewe najua, na naweka."

Nimeyasikia maneno yale miaka hamsini. Msamaha wangu ulikuwa umeshatolewa, mbele ya uso wangu, ungali moto kama chai ya Ba, na sikunyosha mkono. Kosa ambalo kwangu lingekuwa la utoto, kwa Gathogo lilikuwa la usaliti. Ningesema neno moja wote wawili wangepona. Gathogo alivaa kofia yake. Ba akasema "bado", akimwonyesha chapati, kwa maana hakuwa amekula hata moja. Gathogo akainama kidogo kwa heshima, akatoka.

Nilimfuata hadi barabarani nikilia. "Kwa nini umesema hivyo?"

"Ilibidi mtu aseme," alijibu. "Gitaa ilikuwa inaulizwa." Akatembea kidogo. "Na wewe uko na kazi ya kupoteza. Mimi hakuna mtu atanifuta kazi, mimi ndiye mwenye patasi."

Redio walikuja na kurudi; hakuna hata mmoja wetu aliyeenda ukumbini. Jumamosi zikafa zenyewe. Mwalimu mkuu alipata mambo mengine ya kuchunguza, mwaka wa majaribio ukaisha nikathibitishwa kazini, na barua yangu niliifungua bila furaha. Barua ya Kanti nayo ilikuja, mwezi wa kumi na moja, ikiwa vile alivyoogopa. Alikuja shuleni kuniaga, akiwa na suti, akiwa ameniletea seti mpya ya nyuzi za nailoni ndani ya karatasi ya duka. Tulisimama nje ya darasa langu, watoto wakiimba jedwali la saba.

"Fundi hajambo?" aliniuliza, akitazama mlima.

"Hajambo."

Alingoja. Nadhani alitaka nimwambie chochote, hata uongo, ambacho kingempa sababu ya kupita pale karakana. Palikuwa hatua mia mbili tu. Kengele ikalia, watoto wakamiminika nje, akanipa mkono. Gitaa aliondoka nalo. Huko Uingereza lilikaa kabatini, kama alivyosema mwenyewe. Binti yake ndiye aliyeniandikia, miaka mingi baadaye, alipokuwa akinijulisha kwamba baba yake amefariki.

Mimi gitaa halikuniacha. Baadaye makanisa yenyewe yaliyaruhusu magitaa, na hata Mama Eunice, Mungu amrehemu, aliishi hadi akaniomba nimpigie kwenye siku yake ya kuzaliwa. Nimefundisha kwaya, nimepewa vikombe, kuna watu Nyeri nzima wanaoniita Mwalimu wa Gitaa. Gathogo alikuja kwenye sherehe zangu, akakaa nyuma, akapiga makofi yake mazito. Hatukulitaja kamwe. Alitengeneza viti, milango na majeneza. Kila alipokuwa akipiga makofi nilitaka aache.

Sasa nirudi Endarasha. Baada ya mazishi, hema likishushwa, wanawake tulikaa jikoni kwa mjane wake, Mama Wairimu, jiko la kuni lenye moshi, tukimenya viazi vya wageni waliobaki. Mama Wairimu aliolewa na Gathogo mwaka mmoja baada ya ule. Alikuwa amechoka, na kama wafiwa wengi alikuwa akichekesha watu ili asilie.

"Mzee wangu alijua kila mti," alisema. "Kitu moja tu ndio ilimshinda. Gitaa ya Muhindi. Ati aliweka waya mpaka ikang'oka, na ule rafiki yake akaenda ng'ambo bila kumuaga. Mimi nilikuwa namwambia, wewe mzee, siku hiyo kwani ulikuwa umekunywa nini? Ananyamaza tu."

Wanawake wakacheka kwa upole, kama inavyotakiwa. Nilikuwa na kiazi mkononi. Nilijua alikuwa amewanyamazia wengine. Sikujua kwamba hata kitandani mwake, miaka hamsini, alikubali kuchekwa kwa ajili yangu.

"Ni mimi," nilisema.

"Ni wewe nini, Mwalimu?"

"Niliyeweka waya. Ni mimi, Mama Wairimu. Yeye aliitengeneza tu. Aliposema ni yeye, mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

Kisu chake kikasimama. Kuni zikapasuka. Nilingoja anifukuze, na ningeenda. Alinitazama hadi nikaona namna alivyokuwa akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, akitafuta kila mara alipomcheka mumewe. Machozi yakamtoka bila sauti. Kisha akainuka, akavuta kigoda, akapanda, akanyosha mkono juu ya meko, pale watu wa zamani wanapoweka mbegu ili moshi uzilinde na wadudu. Akashusha kitu cheusi kama sufuria. Nilikitambua kwa kiuno chake. Lilikuwa gitaa la muthengera, bila shingo, bila nyuzi, tumbo limefungwa na tundu limekatwa vizuri.

"Alisema hii haina maana," alisema. "Ati mbavu za ndani hakuziona, alizikisia tu. Nikamwambia basi nipe niweke maharagwe."

Akaliinamisha juu ya karai. Mbegu zikaanza kutoka kwenye tundu, chache, kisha nyingi, zikigonga ule ubao mwembamba kutoka ndani, na jikoni mle gitaa la Gathogo likasikika kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nene na safi, ikabaki hewani hata baada ya mbegu ya mwisho. Nimesikiliza magitaa maisha yangu yote. Mbavu zile alikuwa amezikisia sawasawa.